Bowling Green au Dalton: familia inayosema Kiswahili ihamie mji upi Kusini mwa Marekani?

Mtu aliyechoshwa na kodi za nyumba za Atlanta, Dallas au Phoenix huanza kuuliza kwenye makundi ya WhatsApp: mji gani mdogo una kazi na maisha nafuu? Majibu huja upesi, na karibu yote yana sura moja: jina la mji, kisha dola kwa saa. Mwulize aliyejibu kiwanda hicho kinatengeneza nini, kinamwuzia nani, na mwaka 2009, soko la nyumba lilipokuwa limeanguka, kilikuwa katika hali gani. Wengi hawajui. Mimi naona hayo ndiyo ya kuuliza kwanza, kwa sababu mji mdogo huishi kwa viwanda vyake, na kiwanda kikiyumba, saa zako za kazi, duka la jirani, sadaka ya kanisani na bei ya nyumba uliyonunua vinayumba pamoja nacho.

Nimechagua miji miwili ambayo inafaa kuwekwa ubavu kwa ubavu: Bowling Green katika jimbo la Kentucky, na Dalton katika jimbo la Georgia. Bowling Green iko kwenye barabara kuu ya I-65, kama maili 65 kaskazini mwa Nashville. Dalton iko kwenye I-75, maili 30 hivi kusini mwa Chattanooga na karibu 90 kaskazini mwa Atlanta. Kwa sensa ya 2020, Bowling Green ilikuwa na watu 72,294, ikiwa ya tatu kwa ukubwa Kentucky baada ya Louisville na Lexington. Dalton ilikuwa na 34,417, chini ya nusu yake. Na kuna jambo linaloiunganisha ambalo wakazi wengi hawalifikirii: Berkshire Hathaway, kampuni iliyojengwa na Warren Buffett, ilinunua Shaw Industries ya Dalton, watengenezaji wa mazulia, mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikanunua Fruit of the Loom, kampuni ya fulana na chupi yenye makao makuu Bowling Green. Mwenye mali ni mmoja, lakini hatima za wafanyakazi wa kampuni hizo mbili zimekuwa mbali sana. Nitalirudia hilo, maana ndani yake mna somo kubwa kwa anayetafuta pa kukaa.

Dalton, mji wa zulia

Mnamo 1895 hivi, msichana wa karibu na Dalton aitwaye Catherine Evans alitengeneza shuka la kutandikia kitanda kwa ufundi wa zamani uliokuwa umesahaulika: nyuzi nene za pamba zinapitishwa kwenye kitambaa, zinakatwa juu, kisha kitambaa kinaoshwa kwa maji moto ili kisinyae na kuzishika. Mwaka 1900 aliuza shuka lake la kwanza kwa dola 2.50. Maombi yakawa mengi kuliko mikono yake, akafundisha majirani. Baada ya miaka michache kaunti nzima ilikuwa inashona. Matajiri wa biashara walisambaza vitambaa na nyuzi nyumba hadi nyumba, wanawake wakashona barazani, watoto wakasaidia, na mashuka yenye picha ya tausi yakatundikwa kwenye kamba kando ya barabara ya US 41 ili wasafiri waendao Florida wayaone na kuyanunua. Kipande hicho cha barabara kiliitwa njia ya tausi.

Katika miaka ya 1930 mashine ziliingia. Cherehani zilibadilishwa zikawa na sindano nyingi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mtu akipanua mashine hiyo ikatosha upana wa chumba, akawa ametoka kwenye shuka na kufika kwenye zulia. Uzi wa nailoni ulipokuja miaka ya 1950, zulia likawa kitu cha kila nyumba ya Marekani, na Dalton ikajiita mji mkuu wa mazulia duniani. Hata leo sehemu kubwa mno ya mazulia ya Marekani hutoka ndani ya Dalton na kaunti zinazoizunguka. Shaw ina makao yake Dalton. Engineered Floors, iliyoanzishwa 2009, iko hapo pia. Mohawk Industries iko Calhoun, mwendo mfupi kusini.

Ni vizuri kujua kazi yenyewe ikoje kabla ya kupanda gari. Uzi hufika katika koni zilizopangwa kwa mamia kwenye fremu ndefu. Kila koni inalisha sindano moja. Mashine inachoma kitambaa cha chini kwa safu nzima ya sindano kwa mara moja, ndoano zinashika kitanzi cha uzi, na kama zulia ni la manyoya, kisu kinakata kitanzi hicho. Baadaye huja rangi, mvuke, kisha upande wa chini unapakwa gundi ya lateksi na kubandikwa kitambaa cha pili, ukapitishwa kwenye tanuri. Mgeni huanzia kubadilisha koni, kukagua kasoro, kufunga mizigo, au kuendesha foklifti. Juu yake yuko mwendesha mashine, na juu ya huyo fundi anayeitengeneza inapokwama. Fundi wa mashine ndiye anayelipwa vizuri na ndiye anayetafutwa hata hali ikiwa mbaya. Zamu za saa 12 ni za kawaida, za mchana na za usiku. Kuna joto karibu na tanuri, kuna kelele, na kuna kusimama kutwa.

Uzuri wa mji wa kazi moja ni kwamba ujuzi wako haupotei unapobadilisha mwajiri. Ukigombana na msimamizi wa kiwanda hiki, kiwanda cha ng'ambo ya barabara kina mashine ileile. Kijana asiye na cheti chochote anaweza kuingia akibadilisha koni na baada ya miaka akawa fundi, bila kuondoka kwenye kaunti. Ngazi kama hiyo ni adimu kwa mgeni, na naithamini.

Ubaya wake ni ule wa mkulima wa zao moja. Zulia huuzwa nyumba inapojengwa, inapouzwa au inapokarabatiwa. Soko la nyumba la Marekani lilipoanguka 2007 na 2008, Dalton ilipigwa kuliko karibu miji yote ya nchi: viwanda vilifungwa, na ukosefu wa ajira ukapita asilimia 10 na kukaa juu kwa miaka. Walioajiriwa na walioachishwa walikuwa majirani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumnunulia mwenzake nyumba ili ahame. Tangu wakati huo ladha za watu nazo zimegeuka. Wenye nyumba wengi sasa wanataka sakafu ngumu za vinili, na kampuni zilezile za mazulia zimelazimika kutengeneza vinili pia.

Mji ulijitahidi kupata mguu wa pili. Mwaka 2019 kampuni ya Kikorea ya Qcells ilifungua Dalton kiwanda kikubwa cha paneli za umeme wa jua, na 2023 ikakipanua. Kwa muda watu waliona ukombozi umefika. Lakini mwishoni mwa 2025, baada ya vipuri vyake kuzuiliwa na forodha, kampuni hiyo ilipunguza saa za wafanyakazi wake wa Georgia na kuwaacha baadhi ya waliokuja kupitia ajensi. Kwa hiyo mguu wa pili upo, ila nao unategemea siasa za biashara za Washington.

Bowling Green, mji wa viwanda vya kila namna

Ukitaja Bowling Green kwa Mmarekani, atakutajia Corvette. General Motors ilihamisha utengenezaji wa gari hilo la mbio kutoka St. Louis mwaka 1981, ikalileta katika jengo lililokuwa la viyoyozi, na tangu hapo kila Corvette imetoka humo. Jumba lake la makumbusho lilifunguliwa 1994 ng'ambo ya barabara. Ni sifa ya mji, lakini nisikudanganye: hiyo siyo kazi utakayoipata wiki ya kwanza. Chini ya mkataba ambao UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, kilisaini na General Motors (GM) mwaka 2023, mshahara wa juu wa mfanyakazi wa mstari unavuka dola 42 kwa saa ifikapo 2028, na mtu hufikia ngazi hiyo kwa miaka mitatu. Kazi yenye malipo hayo katika mji mdogo ina foleni ndefu, na nafasi zinapotangazwa waombaji ni wengi, wengi wao wana ndugu ndani. Iombe kila inapotangazwa, ila usihame kwa ajili yake.

Riziki ya wageni wengi iko kwenye viwanda vinavyoizunguka. Kuna kampuni ya Magna inayokunja vyuma vya fremu za magari, kuna Trace Die Cast inayomimina alumini, kuna Holley ya vifaa vya injini, kuna kiwanda cha kuoka mikate na keki cha Kroger, kuna maghala na kazi za usafi na hoteli zinazotokana na barabara ya I-65. Kuna Western Kentucky University, iliyoanzishwa 1906, ambayo ni mwajiri mkubwa na haifungwi eti kwa sababu nyumba hazijengwi. Kuna hospitali. Kuna Houchens Industries, kampuni iliyoanza kama duka la vyakula na sasa inamilikiwa na wafanyakazi wake wenyewe kupitia mfuko wa hisa. Anayekaa humo muda mrefu hujilimbikizia hisa za uzeeni bila kukatwa kwenye mshahara, jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi tunapojaza fomu za kazi.

Wengi pia walianzia nje ya mji, kwenye kiwanda cha kuku cha Cromwell, kaunti ya Ohio ya humohumo Kentucky, kama mwendo wa nusu saa au zaidi. Kazi ya kuku haihitaji Kiingereza kingi na inaajiri haraka. Ni ya baridi, mstari unakwenda mbio, na mikono hulipa gharama. Naiheshimu kama mlango. Anayekaa humo miaka kumi kwa sababu hakupata nafasi ya kusoma usiku, huyo namhurumia.

Halafu kuna Kentucky Transpark, eneo la viwanda upande wa kaskazini mashariki. Mwaka 2022 kampuni ya AESC ilitangaza kujenga humo kiwanda cha betri za magari ya umeme kwa dola bilioni 2 na ajira 2,000. Soko la magari ya umeme halijakwenda kama lilivyotarajiwa. Usipange kodi ya nyumba yako juu ya ajira ambayo haijafunguliwa. Ikifunguliwa ukiwa tayari mjini, utakuwa wa kwanza kusikia.

Kwa nini zulia lilibaki na chupi zikaondoka

Hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Fruit of the Loom bado ina makao makuu Bowling Green: wahasibu, wabunifu, watu wa mauzo. Lakini washonaji wake wa Kentucky wamekwisha. Kiwanda cha mwisho katika jimbo hilo, cha Jamestown, kilitangazwa kufungwa 2014, ajira 600 hivi zikaenda Honduras. Jamestown ni mji mdogo sana, na pigo hilo lilikuwa la mji mzima.

Wakati huohuo Shaw, ya mwenye mali yuleyule, inaendelea kutengeneza zulia Dalton. Tofauti haiko kwenye huruma ya mmiliki. Fulana na chupi zinahitaji mikono ya mtu kwenye cherehani kila hatua, zinakunjwa zikawa kidogo, na kontena moja linabeba maelfu. Basi hufuata mshahara mdogo popote ulipo. Zulia linatengenezwa na mashine ya bei kubwa yenye watu wachache kuizunguka, ni zito, linachukua nafasi, na mnunuzi wake ni Mmarekani anayetaka rangi fulani wiki ijayo. Kulisafirisha kutoka ng'ambo ya bahari hakulipi kwa urahisi. Gari la Corvette nalo lina sababu zake za kubaki: linauzwa kwa jina la mahali linapotoka.

Kwa hiyo unapopewa jina la kiwanda, jiulize: bidhaa hii ni nzito au nyepesi? Inahitaji mikono au mashine? Mnunuzi yuko karibu au mbali? Ukijibu hayo matatu utajua kama kazi hiyo itakuwepo mtoto wako wa darasa la kwanza atakapomaliza sekondari. Kwa kipimo hicho Dalton haina hatari ya kuhamwa, ina hatari ya kuyumba kila soko la nyumba linapoyumba. Bowling Green ina kazi kadhaa zinazoweza kuondoka, lakini haziwezi kuondoka zote mwaka mmoja.

Daktari na kodi

Mpaka wa jimbo hubadilisha maisha kuliko watu wanavyodhani. Kentucky ilipanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mwaka 2014, kwa hiyo mtu mzima mwenye kipato kidogo anaweza kupata bima hata kama hana mtoto. Georgia haikupanua. Ilichoweka tangu Julai 2023 ni mpango uitwao Pathways, unaomtaka mtu awe na kipato kisichozidi mstari wa umaskini na athibitishe saa 80 za kazi au masomo kwa mwezi. Watoto wana bima katika majimbo yote mawili. Ni baba na mama wanaoachwa. Kwa mtu anayeingia kupitia ajensi ya kazi, ambayo mara nyingi haitoi bima nzuri, miezi ile ya kungoja kuajiriwa moja kwa moja ni miezi ya hatari Dalton na ni ya kawaida Bowling Green. Mama mjamzito au baba mwenye kisukari asilichukulie hili kama jambo dogo.

Kuna angalizo kwa majimbo yote. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imewanyima msaada wa chakula wa SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata grini kadi, na inabana Medicaid yao kuanzia Oktoba 2026. Ambaye ametimiza mwaka mmoja nchini na hajapeleka maombi ya grini kadi, aanzie hapo kabla hajafikiria kuhama.

Kodi ya mapato ya jimbo ni nafuu Kentucky: asilimia 3.5 kuanzia Januari 2026, wakati Georgia ilikuwa 5.19 kwa mapato ya 2025. Lakini Bowling Green hukata pia kodi ya mji kwenye mshahara, asilimia mbili hivi au pungufu kidogo, jambo ambalo Dalton haina. Kwa hiyo zikijumlishwa, tofauti ni ndogo. Dukani, Kentucky haitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vya kupikwa nyumbani. Georgia nayo imeondoa ya jimbo, ila ya kaunti inabaki. Mshahara wa chini kisheria ni dola 7.25 kote kuwili, na hakuna kiwanda kinachoajiri kwa kiwango hicho, kwa hiyo hautusaidii kuchagua.

Shule, ambako Georgia inashinda

Kwa mzazi wa watoto wadogo, Georgia ina kitu ambacho Kentucky haina. Kila mtoto wa miaka minne anastahili darasa la awali bila malipo, kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo, bila kujali kipato cha wazazi, mradi nafasi ipatikane. Kentucky hutoa kwa familia zenye kipato kidogo au watoto wenye ulemavu. Baba akiwa zamu ya mchana na mama ya usiku, darasa hilo la bure ni saa za usingizi.

Na kwa mzazi wa vijana kuna HOPE. Tangu 1993 Georgia hulipia karo ya chuo cha umma kwa mwanafunzi aliyemaliza sekondari ya Georgia akiwa na wastani wa alama wa 3.0, na tangu 2023 inalipa karo yote. Dalton State College iko humohumo mjini. Kijana anaweza kusoma akilala kwao. Anayetaka ufundi kuna msaada wa HOPE kwa vyuo vya ufundi pia, na Georgia Northwestern Technical College ina kampasi eneo hilo. Mpango wa Kentucky, uitwao KEES, hulimbikiza fedha kila mwaka wa sekondari kuanzia wastani wa 2.5: dola 125 kwa mwaka kwa wastani huo, na hadi 500 kwa mwenye 4.0. Inasaidia, lakini hailipi karo yote ya Western Kentucky University.

Ila karo ni ya aliyefika chuoni. Kijana aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu au Nakivale, akafika Marekani na miaka 16 bila Kiingereza cha kutosha, vita vyake viko sekondari. Hapo Bowling Green ina kitu nisichokiona katika miji mingi mikubwa kuliko yenyewe: GEO International High School, iliyofunguliwa 2016 na shule za kaunti ya Warren, iliko Bowling Green, mahsusi kwa vijana wanaojifunza Kiingereza. Walimu wake wamezoea mwanafunzi ambaye shule yake ilikatizwa miaka miwili kwa kukimbia vita. Shule za Dalton zina uzoefu mkubwa wa kufundisha wageni, lakini uzoefu huo ni wa Kihispania. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa mji huo ni wa familia za Kilatino.

Lugha na watu

Hili la Kihispania ni la kupima vizuri. Wameksiko na Waguatemala walianza kuja Dalton kwa wingi miaka ya 1990 kwa ajili ya mazulia, na leo ni karibu nusu ya mji. Wana maduka, redio, timu za soka zinazochukua ubingwa wa jimbo. Mgeni mwenye bidii atajifunza Kihispania kiwandani kabla ya Kiingereza, na si hasara. Lakini mkalimani wa Kiswahili hospitalini atakuwa wa simu, ibada ya Kiswahili itakuwa ya kuendesha gari hadi Chattanooga au Clarkston karibu na Atlanta, na mkeo akijifungua, wa kumletea uji ni yule mtakayekuwa mmehama naye.

Bowling Green imepokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 40 kupitia ofisi iitwayo leo International Center of Kentucky. Wakambodia na Wavietnamu walitangulia, miaka ya 1990 wakaja Wabosnia kwa maelfu, kisha Waburma, Wasomali, Wakongomani, Warundi. Wabosnia walifungua migahawa, kampuni za malori na msikiti. Wamekuwa ushahidi hai kwa waliokuja nyuma yao. Wakongomani nao wana makanisa yao. Tangu mpango wa kupokea wakimbizi ulipositishwa Januari 2025 ofisi kama hizo zote nchini zimepungukiwa fedha, basi usitegemee utashikwa mkono kama waliokuja 2016. Utakachokikuta ni watu, na watu ndio wanaojua ni kiwanda gani kinaajiri wiki hii na ni mwenye nyumba gani anarudisha dhamana.

Jambo moja zaidi kuhusu kaunti ya Whitfield, iliko Dalton: ofisi ya sherifu ina makubaliano ya muda mrefu ya kushirikiana na idara ya uhamiaji ya shirikisho. Mwenye karatasi kamili hana kosa, lakini atembee na leseni halali na nakala ya hati zake, maana kosa dogo la barabarani huko linaweza kufungua maswali mengine. Na kuendesha gari ni lazima. Katika miji hii miwili, hasa Dalton, asiye na gari anategemea lifti ya mfanyakazi mwenzake, na lifti hukoma mwenzako anapobadilishiwa zamu.

Ardhi, upepo na maji

Bowling Green imekaa juu ya mapango. Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, liko karibu, na tarehe 12 Februari 2014 ardhi ilititia ndani ya makumbusho ya Corvette ikameza magari manane. Anayenunua nyumba aulize historia ya mashimo na mafuriko ya kiwanja. Kubwa zaidi ni kimbunga cha usiku wa kuamkia 11 Desemba 2021, kilichoua watu 17 katika kaunti ya Warren, familia za wageni zikiwemo. Anayepanga achague nyumba ambayo ana mahali pa chini pa kujificha, na aweke simu yake ipige kengele ya tahadhari hata usiku. Dalton nayo si salama kwa vimbunga. Ringgold, jirani yake, ilipigwa vibaya Aprili 2011.

Dalton ina shida nyingine, ya polepole. Kemikali zilizotumiwa kwa miongo kulifanya zulia lisishike madoa, za jamii ya PFAS, ziliingia mtoni na hazioozi. Mji wa Rome wa Georgia, ulio chini ya mkondo, ulizishitaki kampuni na wahusika wengine, na 2023 wakakubali kulipa fidia. Ukipanga nyumba ya nje ya mji inayotumia kisima, omba kipimo cha maji kabla ya kusaini.

Nani aende wapi

Familia yenye vijana wa miaka 14 hadi 18 wasiojua Kiingereza vizuri, yenye mgonjwa wa kudumu, au yenye mzee anayehitaji kusikia lugha yake, naiambia bila kusita: Bowling Green. Hata kama kazi ya kwanza italipa dola moja au mbili pungufu. Familia kama hiyo inahitaji mji wenye viwanda vya aina nyingi, kwa sababu haina akiba ya kuhama tena kiwanda kimoja kikifungwa.

Mume na mke wenye nguvu, wenye watoto wadogo, ambao mmoja wao anapenda mashine, waitazame Dalton kwa uzito. Waingie wakijua wanakwenda kuwa mafundi, wasome usiku, na waweke akiba ya miezi sita badala ya miwili, kwa sababu soko la nyumba litayumba tena. Nyumba za kupanga ni chache, basi mmoja atangulie.

Kwa mwenye cheti cha uuguzi au anayekitafuta, nitaje mji wa tatu kwa ufupi: Owensboro, kwenye mto Ohio, safari ya saa moja na kitu kutoka Bowling Green kwa I-165. Watu ni kama 60,000, na mwajiri mkubwa ni hospitali ya Owensboro Health. Sheria za bima ni zile za Kentucky, na jamii ya Bowling Green iko karibu kiasi cha kwenda harusini na kurudi.

Na ukishaamua, angalia darasa la mtoto kabla ya tarehe ya gari la mizigo. HOPE inamtaka kijana amalize sekondari Georgia na awe mkazi wa jimbo kwa miezi 12 kabla ya siku ya kwanza ya chuo. Akiwa hakuwa mkazi alipohitimu, ni miezi 24. KEES kwa upande wake huhesabu kila mwaka wa sekondari uliosomwa Kentucky, na fedha zake ni za vyuo vya Kentucky. Kijana aliye darasa la 11 mwenye alama nzuri mwacheni amalize alipo, hata kama baba atatangulia peke yake kwa mwaka mmoja. Aliye darasa la 8 hamisheni wakati wa kiangazi, aanze la 9 mahali mnapokusudia amalizie.